Fuata shamba: namna ya kutafuta nasaba ya Marekani ya kale kwa wosia na hati za ardhi

Mwezi Mei mwaka 1786, mkulima aitwaye Abraham Lincoln alipigwa risasi na kufa akiwa shambani kwake Kentucky. Huyu si rais, bali ni babu mzaa baba yake, ambaye rais alirithi jina lake. Aliacha mjane na watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili, wala hakuacha wosia. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na kwa sheria ya Virginia mtu akifa bila wosia, ardhi yake yote ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume. Mordecai akaichukua. Thomas, mdogo wa wavulana, alikuwa na miaka 8. Alikua hana hata kipande cha ardhi, akaishi kwa vibarua. Thomas huyo ndiye baba wa rais.

Virginia ilikuwa imekwisha kupitisha sheria mpya ya kuwagawia watoto wote kwa usawa, lakini ilianza kutumika Januari 1787. Baba angekufa miezi michache baadaye, Thomas angepata fungu lake.

Nimeanza na ukoo huu kwa sababu unaonyesha karatasi za mali zinavyoweza kusimulia maisha ya watu. Na wengi wetu sasa tuna haja ya kuzijua. Nyumba nyingi za Waswahili walioko Marekani zina watoto ambao bibi mmoja yuko Tanga na mwingine yuko Virginia au Carolina. Mtoto anarudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Upande wa Tanga unampigia simu shangazi, naye anakutajia vizazi sita bila kupumua. Upande wa pili unakwama kwa babu wa babu, na hapo ndipo hati za kale zinapohitajika.

Kwa nini wosia na ardhi

Sensa ya Marekani ilianza mwaka 1790, lakini hadi ile ya 1840 iliandika jina la mkuu wa kaya tu. Mke, watoto, mama mzee anayelelewa humo, wote walikuwa hesabu ndani ya visanduku vya umri. Ni sensa ya 1850 iliyoanza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake. Usajili wa vizazi na vifo ulichelewa zaidi: Massachusetts ilianza kuusimamia kwa jimbo zima mwaka 1841, Virginia mwaka 1853, na South Carolina ilingoja hadi 1915.

Kwa hiyo kabla ya 1850 serikali haikujishughulisha sana kuandika nani kazaliwa na nani. Ilichoandika kwa bidii ni nani anamiliki nini, nani kamuuzia nani, na aliyekufa kamwachia nani. Ukitaka watu, pita kwenye mali zao.

Anzia ulipo, rudi nyuma polepole

Usikurupuke kwenda miaka ya 1700 kwa sababu umekuta jina la ukoo wako kwenye kitabu. Anza na walio hai, kisha rudi sensa moja baada ya nyingine kutoka ile ya 1950, ambayo ndiyo ya karibuni zaidi kuwekwa wazi. Ile ya 1880 ni ya thamani kubwa kwa kuwa inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa mwaka 1921 mjini Washington, basi jiandae kuruka miaka 20.

Ukifika 1850 uwe na mambo matatu mkononi: jina, umri wa kukadiria, na kaunti. Hilo la tatu ndilo watu hulipuuza. Kusema tu kwamba alitoka Virginia ni sawa na kumtafuta mtu bara zima kwa kuambiwa ni mtu wa pwani.

Jua kaunti ya wakati huo, si ya leo

Katika sehemu kubwa ya nchi, hati ziliwekwa mahakamani kwenye makao makuu ya kaunti. Kaunti nazo zilikuwa zikigawanywa kila watu walipoongezeka. Ukoo wa Lincoln ulihama kutoka Pennsylvania hadi kijito cha Linville huko Virginia mwaka 1768, na hapo palikuwa Kaunti ya Augusta. Mwaka 1778 Augusta ikamegwa, eneo lile likawa Kaunti ya Rockingham. Shamba halikusogea hata hatua moja, lakini hati za kabla ya mwaka huo ziko kwenye vitabu vya mji mmoja na za baada yake ziko mji mwingine. Anayesoma vya Rockingham peke yake atadhani ukoo ule uliibuka ardhini kama uyoga.

Maktaba ya Newberry iliyoko Chicago imetengeneza atlasi ya mipaka ya kale ya kaunti, bure mtandaoni. Chora jedwali dogo: mwaka, kaunti, kaunti mama. Libandike ukutani. Na ukiwa kaskazini mashariki, kumbuka kwamba Connecticut, Rhode Island na Vermont huweka hati za ardhi kwenye mji mdogo, si kwenye kaunti.

Kusoma wosia

Kila wosia una tarehe mbili: siku ulipoandikwa na siku mahakama ilipouthibitisha. Kifo kiko katikati. Wosia wa George Washington uliandikwa tarehe 9 Julai 1799, ukathibitishwa mahakamani Kaunti ya Fairfax tarehe 20 Januari 1800. Yeye alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Kwa mkulima asiye na kaburi lenye maandishi, nafasi hiyo kati ya tarehe mbili ndiyo tarehe ya kifo utakayoipata, nayo yatosha.

Sasa angalia watoto. Mara nyingi wavulana hutajwa kwanza kwa kufuata umri, kisha wasichana, lakini usiifanye kanuni. Binti aliyeolewa atatajwa kwa jina la mumewe, na hapo unapata ndoa ambayo huenda haikuandikwa popote pengine. Asiyetajwa si lazima awe amekufa. Kifungua mimba anaweza kuachwa nje kwa sababu baba alikwisha kumpa shamba siku ya harusi yake. Mwingine ameachiwa shilingi moja tu, na wasomaji wapya huona hapo chuki ya baba. Mara nyingi si chuki: fungu lake alilipokea zamani, na ile shilingi ilikuwa ya kuonyesha kwamba hakusahauliwa, asije akafungua kesi.

Maneno ya Kiingereza cha wakati ule yanadanganya. "Infant" ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 21, hata awe na ndevu. "Orphan" ni mtoto aliyefiwa na baba, ingawa mama yake anaweza kuwa hai jikoni. "Son-in-law" anaweza kuwa mtoto wa kambo. "Cousin" yaweza kuwa mpwa. "Senior" na "Junior" huenda ni mtu na mjomba wake, au watu wawili wasio na udugu kabisa ila wanaishi bonde moja na mmoja kamzidi mwenzake umri. Mkubwa akifa, mdogo anapanda kuwa "Senior" kwenye hati zinazofuata. Na mtu akiandika "my now wife", usiseme mara moja kwamba alikuwa na mke wa kwanza. Alikuwa akieleza kwamba anamkusudia mke huyu na si mwingine atakayemwoa baadaye.

Jambo moja zaidi: ulichokisoma kwenye kitabu cha mahakama ni nakala ya karani. Saini iliyomo ni mwandiko wa karani, si wa babu yako. Wosia wenyewe, ukibahatika, umo ndani ya bahasha ya mirathi, ambayo ni hazina tofauti.

Alipokufa bila wosia

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hawapaswi. Mirathi isiyo na wosia mara nyingi huzaa karatasi nyingi kuliko ile yenye wosia, kwa sababu mahakama ililazimika kuuliza kila jambo. Tafuta kwa mpangilio huu.

Kwanza, dhamana ya msimamizi wa mirathi. Msimamizi ni mjane, au mtoto mkubwa, au mdai mwenye deni kubwa. Soma majina ya wadhamini waliosaini pamoja naye. Nani atajitia kwenye deni kwa ajili ya mjane kama si baba yake au kaka zake? Mara nyingi jina la ukoo alikotoka mjane nimeliona hapo kwa mara ya kwanza.

Pili, orodha ya mali, iliyoandikwa na majirani walioteuliwa kukadiria thamani. Utakuta ng'ombe mmoja mmoja, kitanda cha manyoya, sufuria, Biblia, vyombo vya useremala. Isome yote taratibu, maana ndipo unapomwona mtu katika nyumba yake. Kisha tafuta orodha ya mnada: mjane ananunua sufuria zake mwenyewe, wana na wakwe wananunua farasi na majembe. Ubavuni mwa jina lisilojulikana, bei ya chini kupita kiasi ni dalili ya udugu.

Tatu, hati za ulezi. Mtoto aliyefika miaka 14 aliruhusiwa kumchagua mlezi wake mahakamani, basi tarehe ya kuchagua inakupa makisio ya mwaka wa kuzaliwa. Nne, hesabu za mwisho na mgawanyo, ambapo warithi wote wanatajwa na kila mmoja fungu lake.

Hati za ardhi

Kuna Marekani mbili katika jambo la ardhi. Makoloni 13 ya mwanzo, pamoja na Maine, Vermont, Kentucky, Tennessee, West Virginia, Texas na Hawaii, yaligawa ardhi yake yenyewe. Majimbo 30 yaliyobaki yalipimwa na kugawiwa na serikali kuu.

Kwenye kundi la kwanza mipaka ilifuata miti, mawe na vijito: kuanzia mwaloni mweupe ukingoni mwa mto, kaskazini nyuzi 30 mashariki, fito 120 hadi kwenye jiwe, na kuendelea hadi unarudi kwenye mwaloni. Fito moja ni futi 16 na nusu, kama mita 5. Mnyororo wa mpimaji ni fito 4. Fito 160 za mraba ni ekari moja. Ukijua hayo, chukua karatasi ya miraba, rula na kipimapembe, uchore shamba lenyewe, sentimita moja kwa kila fito 20. Kisha chora mashamba ya majirani waliotajwa kwenye mpaka. Vipande vinaanza kushikana, na unaona kwamba yule bwana asiyejulikana aliyeshuhudia wosia alikuwa amepakana na babu upande wa mashariki. Inachukua jioni kadhaa, na ni kazi ninayoipenda kuliko zote katika utafiti huu.

Ubaya wa mfumo huo ni kwamba mwaloni huanguka na kijito huhama. Kentucky wapimaji walipima juu ya vipimo vya wenzao, watu wawili watatu wakawa na haki juu ya shamba lilelile. Thomas Lincoln alinunua mashamba matatu Kentucky kwa nyakati tofauti, na matatizo ya hati yakamwondoa. Mwaka 1816 alivuka mto Ohio akaingia Indiana. Rais mwenyewe aliandika baadaye kwamba walihama kwa sababu ya utumwa kwa kiasi fulani, lakini zaidi kwa sababu ya ugumu wa hati za ardhi.

Indiana ilikuwa ya kundi la pili. Kwa sheria ya mwaka 1785, ardhi ilikatwa kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya ekari 640. Mwaka 1817 Thomas alisajili ekari 160 kwenye ofisi ya ardhi ya Vincennes, na mwaka 1827 akapata hati miliki ya ekari 80. Hati za namna hiyo unazitafuta bure kwa jina kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, Bureau of Land Management. Zikiwa za ardhi iliyotolewa kwa sheria ya makazi ya mwaka 1862, usiishie kwenye hati; agiza faili zima kutoka Nyaraka za Taifa, kwa kuwa mwombaji alitakiwa kuthibitisha makazi yake, na wahamiaji wakaweka humo karatasi za uraia.

Mauzo kati ya mtu na mtu yako kwenye vitabu vya kaunti, na kila kaunti ina faharasa mbili: ya wauzaji na ya wanunuzi. Pitia zote mbili, kwa kila tahajia ya jina, na usiishie mwaka wa kifo. Endelea miaka 30 mbele. Sababu ni hii: mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja ya ardhi ya mumewe maisha yake yote, kwa hiyo watoto wengi walingoja mama afe ndipo wakauza. Siku hiyo wanaandikwa wote kwenye hati moja, pamoja na waume wa mabinti na watoto wa mwana aliyetangulia kufa, na mahali kila mmoja anapoishi, hata kama kahamia Ohio au Missouri. Hati moja ya warithi kama hiyo imeshinda kwa faida sensa tatu.

Haki ya mjane ina faida nyingine. Mume alipouza shamba, mke alipelekwa pembeni na maofisa na kuulizwa, mume hayupo, kama anaiacha haki yake kwa hiari. Jibu liliandikwa, na jina lake nalo. Kwa wanawake wengi wa miaka ya 1700 hiyo ndiyo mara pekee jina lao liliposhika wino.

Halafu piga hesabu ya ardhi yenyewe. Andika kila ekari iliyoingia na kila ekari iliyotoka. Mtu akiuza ekari 200 ambazo huoni alikozinunua, basi alirithi, alipewa, au alizipata kwa kuoa. Rudi nyuma umtafute aliyekuwa na ekari 200 zenye mwaloni uleule.

Tarehe na mwandiko

Hadi mwaka 1752 mwaka mpya wa makoloni ya Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Ukiona Februari 1731/2, ni Februari 1732 kwa hesabu yetu. Wosia wa Desemba 1740 uliothibitishwa Februari 1740 hauna kosa. Kuhusu mwandiko, herufi s ya zamani inafanana na f, na majina yalikatwa: Jno ni John, Jas ni James, Wm ni William. Alama ya X badala ya saini haimaanishi lazima kwamba mtu hakujua kusoma. Anayeandika wosia kitandani huenda mkono umekufa ganzi.

Kama wahenga wako walifanywa watumwa

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo njia hii inapouma zaidi na ndipo inapohitajika zaidi.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani. Zile za 1850 na 1860 ziliwahesabu kwa umri na jinsia chini ya jina la aliyewamiliki. Lakini karani wa mirathi aliandika majina, kwa kuwa kila jina lilikuwa na bei. Virginia ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 1705 watumwa walirithiwa kama ardhi, na hali hiyo ilidumu hadi 1792. Ndiyo maana majina yao yamo kwenye wosia, orodha za mali, hati za zawadi kwa bibi harusi, rehani, na vitabu vya mauzo ya mashamba, katikati ya kurasa zinazozungumzia miti na mipaka.

Anza na familia ya 1870. Tazama matajiri wa jirani, hasa wenye jina lilelile la ukoo, lakini usibaki nao tu. Wengi walichagua jina la bwana wa zamani zaidi au jina la baba. Soma kumbukumbu za Ofisi ya Watu Walioachwa Huru (Freedmen's Bureau) za 1865 hadi 1872, na za benki yao ya akiba ya 1865 hadi 1874, ambamo watu walitaja wazazi na ndugu kwa vinywa vyao. Ukipata jina la mmiliki, sasa tafiti ukoo wake kama vile ni wako: baba yake, baba mkwe wake, kila mirathi, kila mgawanyo. Mfuate mama kwanza, maana kwa sheria ya Virginia ya mwaka 1662 mtoto alichukua hali ya mama yake, na mara nyingi mama na watoto wadogo wameandikwa pamoja kwenye mstari mmoja.

Mwaka 1799 Washington aliorodhesha watumwa wa Mount Vernon, shamba lake, kwa majina, umri na ndoa zao. 123 walikuwa wake, na wosia wake ukaagiza waachwe huru. 153 walikuwa wa mirathi ya mume wa kwanza wa mkewe Martha, sehemu ya haki ya ujane ya Martha. Hao George hakuwa na uwezo wa kuwaacha huru. Martha aliwafungulia wale wa George tarehe 1 Januari 1801. Alipofariki mwaka 1802, wale wengine waligawanywa kwa wajukuu zake. Mume alikuwa huru, mke na watoto wakapelekwa nyumba ya mjukuu huyu au yule. Theluthi ileile ya mjane niliyoisifia juu kwa kutuhifadhia majina ya wanawake ndiyo iliyozitenga familia hizi.

Msomaji wa Kiafrika ana jicho ambalo wengine hawana. Kwenye orodha hizo utakuta Cuffee au Quaco, ukajua ni Kofi na Kwaku, majina ya Ijumaa na Jumatano kwa Waakan wa Afrika Magharibi.

Pa kutafutia

FamilySearch, tovuti ya utafiti wa nasaba, ni bure ukijiandikisha. Vitabu vingi vya kaunti vimepigwa picha humo. Ingia kwenye katalogi kwa jina la kaunti, si kwa jina la mtu, kisha fungua faharasa ya kitabu chenyewe kama ungefanya mahakamani. Humo utakuwa kwenye mwandiko wa mkono. Na hapo kuna msaada mpya: tangu 2024 tovuti hiyo ina utafutaji unaosoma mwandiko kwa kompyuta neno kwa neno. Unaweza kumpata shahidi, jirani, au mtumwa aliyetajwa kwa jina moja, vitu ambavyo hakuna faharasa iliyowahi kuvigusa. Picha nyingine hufunguka tu ukiwa kwenye vituo vyao au maktaba washirika. Kwa Virginia, Maktaba ya jimbo iliyoko Richmond imeweka mtandaoni hati za mwanzo za ardhi na kesi nyingi za mirathi zilizogombaniwa, ambazo mashahidi wake walieleza ukoo mzima chini ya kiapo.

Mahakama nyingi ziliungua. Ile ya Kaunti ya Buckingham iliteketea mwaka 1869 na vitabu vyake. Ikikukuta hivyo, tafuta kaunti mama, kaunti jirani, orodha za kodi na hati zilizosajiliwa upya baada ya moto.

Kila unachokipata, andika hapohapo kaunti, aina ya kitabu, namba yake na ukurasa. Na ukikuta orodha yenye majina ya watumwa, hata kama ukoo huo haukuhusu, nakili majina yote, umri na bei, pamoja na kitabu na ukurasa, uyaweke kwenye mti wa wazi wa FamilySearch kwenye wasifu wa aliyewamiliki. Kuna mtu aliyefika 1870 na kukwama, naye analitafuta jina moja kati ya hayo.